Nyumba ya bei nusu kando ya ziwa: tupime kabla ya kutoa makuta

Maneno yetu mbele ya vijana wa Baraka na Fizi

 

Leo hatukuja kusoma tamko juu ya barabara, wala juu ya vizuizi ambako watu wanalipishwa kila siku. Tumekuja kuzungumza juu ya nyumba. Munaweza kusema: nyumba ni jambo la mtu na mfuko wake, linaingiaje katika kazi ya raia? Musikilize kwanza, halafu mutahukumu.

Wengi munajua habari. Iko nyumba moja ya etaje, karibu na ziwa. Chini ilikuwa duka na depo. Juu iko vyumba vitatu na baraza inayoangalia maji, na Ubwari unaionekana ng'ambo. Komisioneri mmoja alitufuata, akasema ile sehemu ya juu inauzwa, na bei ni nusu ya ile ambayo nyumba kama hiyo ingeomba. Akatupa siku nane za kujibu.

Tuko na makuta ya likelemba. Miaka mitatu tunachanga, wengine kwa faida ya kuuza ndagala, wengine kwa moto, wengine kwa mshahara wa ualimu ambao unafika siku unayotaka wenyewe. Ndoto yetu munaijua: mahali pa kukutana pasipo kuomba ruhusa kwa mtu, maktaba ndogo, na vyumba viwili vya wanafunzi wanaotoka Lulenge na Ngandja bila kuwa na ndugu mjini. Ile etaje ilikuwa ndoto yote kwa bei nusu. Tulibishana usiku mbili. Hapa tunasema vile tulivyopima, juu kesho komisioneri atakufuata wewe pia.

Swali la kwanza: kwa nini bei ni nusu?

Musianze na "bei ni ngapi". Muanze na "kwa nini". Baraka ya leo si mji ambao nyumba inapaswa kushuka bei. Tuhesabu pamoja.

Kutoka mwaka 2005, HCR ilianza kurudisha wakimbizi wetu kwa meli, kutoka Kigoma mpaka hapa. Watu waliokimbia mwaka 1996 na 1998, wakaishi Nyarugusu na kambi zingine za Tanzania, walishuka katika bandari hii na masanduku yao, na wote walihitaji pa kulala. Mashirika yakaja, yakapanga nyumba kwa dola, na wenye nyumba wakajifunza kuhesabu kwa dola. Dhahabu ya Misisi ikaleta makuta yake. Anayepata huko anajenga huku. Mwaka 2013 amri ya serikali ikaipa Baraka cheo cha mji, pamoja na Uvira na Kamituga. Mambo yalichelewa miaka, lakini leo tunasema meya, komine, kartie. Na wadogo zetu waliopelekwa Marekani kutoka kambini wanatuma dola: wanaona parsele kwenye WhatsApp, wanalipa kabla ya kukanyaga udongo wake. Halafu tangu Februari 2025, Bukavu ilipochukuliwa, watu wengine wameshuka tena kuelekea kusini, familia nzima zinatafuta chumba kimoja.

Watu wote hawa wanapandisha bei. Kijana aliyezaliwa hapa, mama yake ni muuza mihogo, anasukumwa kila mwaka avenyu moja mbali zaidi na soko. Kwa hiyo, katika mji kama huu, ukiona nyumba ya nusu bei, usiseme "Mungu amefungua mlango". Useme: kuna mtu mahali fulani amelipa ile nusu ingine. Ni nani?

Tulitafuta. Tukapata majibu mawili: maji, na kukimbia.

Maji

Ziwa letu ni kubwa na la kina sana, lakini liko na mlango mmoja tu wa kutokea: mto Lukuga, kule Kalemie. Ruzizi inaingiza, Malagarasi inaingiza, mito ya milima yetu inaingiza, na kutoka ni Lukuga peke yake. Mvua ikizidi miaka inayofuatana, maji yanapanda polepole na hayana haraka ya kushuka. Hili halikuanza na sisi. Karne ya 19 ziwa lilipanda sana kabla ya Lukuga kujifungua, karibu mwaka 1878. Miaka ya 1960 lilipanda tena, wazee wanakumbuka. Na sisi wenyewe tumeona mwaka 2020 na 2021, halafu mwaka 2024: Gatumba kule Burundi, Kalundu pale Uvira, Kalemie, watu walitoka nyumbani kwa mtumbwi.

Kati ya hapo, watu walijenga. Maji yaliposhuka, ufuko ulionekana kama zawadi, parsele zikakatwa mpaka mahali ambapo babu zetu walifunga mitumbwi. Ziwa halikuvamia mtu. Lilirudi kwenye mahali pake.

Sasa ile etaje. Komisioneri alituambia: "Maji yakija, yatakuwa chini, ninyi muko juu." Maneno matamu. Lakini juu inasimama kwa miguu ya chini. Tulimwita fundi mwashi, tukamlipa siku moja, akazunguka nyumba nasi. Mutu yeyote anaweza kufanya alichofanya. Aliangalia ukutani mstari wa maji, ule weusi unaobaki, ulifika kiunoni. Alikwaruza matofali kwa msumari: yale yaliyochomwa vizuri yanakataa, ya udongo mbichi yanamwagika kama unga. Aliangalia pembe za milango, kama nyufa zinapanda kwa ngazi. Aliangalia nondo kwenye nguzo, kama kutu inasukuma simenti nje. Mwisho akasema: nyumba inasimama, nguzo mbili zinahitaji kazi kabla ya mvua zingine, na choo ni hatari.

Choo! Sisi wote tulikuwa tunaangalia baraza, hakuna aliyeangalia choo. Shimo liko nyuma, upande wa ziwa. Maji yakipanda, yanachanganyika, na wote munajua kolera inavyotembea kwenye ufuko huu kutoka Uvira mpaka kwetu. Etaje yenye choo kinachozama haikuinui hata kidogo. Utashuka tu kila asubuhi kuchota maji yaleyale.

Kwa hiyo tuliandika hesabu: nguzo, choo kipya kwenye mahali pa juu, paa la upande mmoja, karatasi. Nusu ya bei ikaanza kujaa. Ilikuwa bado rahisi, tuseme ukweli. Lakini haikuwa nusu tena.

Karatasi

Hapa musisinzie.

Katika inchi yetu, tangu sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni wa Leta. Mtu hauzi udongo. Anauza haki aliyopewa juu yake na nyumba aliyojenga. Na haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu: cheti cha uandikishaji, ile tunayoita sertifika, kinachotolewa na konservatera wa ofisi ya ardhi. Karatasi ya shefu wa kartie, karatasi ya mauzo yenye mashahidi wanne, karatasi ya zamani ya shefu wa kijiji tangu wakati Baraka haikuwa mji: zote zinasaidia, ni ushahidi, zinaonyesha njia ambayo parsele imepita. Lakini si sertifika. Na sisi wengi hapa, tuseme wazi, nyumba zetu zinalala juu ya karatasi hizo ndogo.

Hatari yake ni gani? Sheria inasema sertifika ikikaa miaka 2, haiwezi tena kuvunjwa kwa urahisi. Aliyepoteza anabaki kudai fidia tu. Fikirini hiyo kwa watu wetu. Mtu anakimbia vita, anakaa Kigoma miaka mitano. Mwingine anaandikisha parsele yake. Miaka 2 inapita wakati yeye anapanga mstari wa unga kambini. Anarudi, anakuta geti.

Na sehemu ya juu peke yake? Hapo ndipo mutego. Aliyekuuzia juu bila kitu kuandikwa kwenye ofisi ya ardhi amekuuzia baraza na upepo wake. Kesho mwenye chini anauza parsele nzima kwa mfanyabiashara, na wewe uko na risiti. Tuliomba kuona sertifika. Tuliletewa picha kwenye simu, ukurasa mmoja, jina linasomeka nusu. Tukaomba ya kweli. Komisioneri akasema, "Ninyi vijana muko na masomo mingi sana." Ndiyo. Tuko nayo, na tutaendelea nayo.

Mwenye nyumba

Hili ndilo lililotugawa.

Aliyekuwa anauza si mwenye nyumba. Ni mdogo wake. Mwenye nyumba alivuka ziwa na familia baada ya Februari, yuko Kigoma. Mdogo wake alikuwa na ujumbe wa sauti kwenye simu: "Uza, tuma makuta." Baadhi yetu walisema: basi, ruhusa iko. Wengine wakasema: sauti si sahihi.

Tulipiga simu. Papa mwenyewe alipokea. Alisema anauza juu hana namna, watoto hawasomi, na akiba imekwisha. Tukamuuliza kwa heshima kama mama anajua. Akanyamaza kidogo. Tukaomba kumsalimu mama. Mama akasema hakuulizwa, na duka la chini lilikuwa lake, alilijenga kwa kuuza vitenge.

Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mume na mke wakubaliane kabla ya nyumba kuuzwa. Lakini hata bila sheria, sauti ile ilitosha. Tulikuwa tunataka kuanza kazi ya haki ndani ya nyumba ya mama ambaye hakuulizwa.

Hapo wenzetu walisimama na hoja nzito, na hatutaificha. Wa kwanza alisema: "Tusiponunua sisi, atanunua mkubwa fulani kwa bei hiyohiyo, na ataweka depo ya bia. Tumesaidia nani?" Wa pili alisema: "Huyo papa anahitaji makuta leo. Usafi wetu hauwapi watoto wake chakula."

Ni kweli, na anayecheka hoja hizo hajawahi kuwa na njaa. Lakini tukumbuke historia ya hapa. Mwaka 1996 na 1998 watu waliondoka Fizi usiku, wengine wakauza kwa bei ya nauli ya mtumbwi, wengine hawakuuza ila waliuziwa nyuma yao. Walionunua hawakuwa wezi wote. Wengi walinunua mbele ya shefu, kwa karatasi, kwa moyo safi. Waliporudi kwa meli kuanzia 2005, kila upande ulikuwa na haki yake mkononi. Munajua kesi zilizofuata: ndugu dhidi ya ndugu, kanisa moja viti viwili, mashamba ambayo hayakulimwa misimu mingi juu kila mtu anaogopa kupanda. Sisi tuliozaliwa kwenye kambi au tuliorudi tukiwa watoto, tumekula matunda ya bei nafuu ya wakati ule. Bei ya vita haiishi siku unapolipa. Inaendelea kudaiwa na watoto.

Na kuna jambo lingine. Kila nyumba inayouzwa hivi inamwambia aliyekimbia: usirudi. Mji ukinunuliwa wote kutoka kwa waliokimbia, utabaki mji wa watu waliokuwa na makuta siku ya vita. Sisi tunasema kila siku kwamba tunataka watu wetu warudi kwa amani. Warudi wapi?

Tulivyoamua

Hatukununua. Lakini pia hatukumwambia papa "pole" halafu tukakata simu. Tulirudi kwake, safari hii na mama kwenye simu ileile, tukatoa pendekezo: tunapanga sehemu ya juu. Mkataba wa maandishi, miaka 2, majina yao wawili, sahihi zao wawili, mashahidi kutoka kartie. Sheria ya mwaka 2015 juu ya upangaji inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi 3. Tulitoa miezi 3 kamili mara moja, na pango la miezi 6 mbele, juu tunajua shida yao ni ya leo. Kazi ya nguzo na choo tunaifanya sisi, fundi anaandika gharama, na inakatwa polepole kwenye pango baada ya miezi hiyo 6. Wakirudi, wanatupa miezi 3 ya kujitayarisha. Wakitaka kuuza wakiwa hapa, kwa miguu yao, kwa bei ya kweli, na sertifika mezani, watatuuliza sisi kwanza.

Mama aliomba jambo moja: milango ya duka ibaki imefungwa na funguo akae nazo dada yake. Tulikubali. Hiyo ni duka lake.

Makuta tuliyotoa ni chini ya theluthi ya likelemba. Iliyobaki iko, na kila mwenye kuchanga anaweza kuona daftari. Tuseme pia kwamba si wote waliofurahi. Wako wenzetu wanaoamini tumeachilia nafasi isiyorudi, kwamba vita vikiisha bei itatushinda na tutabaki wapangaji mpaka uzee. Inawezekana wana haki. Hatuwezi kuwaahidi kinyume chake. Walipiga kura yao, tukahesabu, tukaendelea pamoja, na jana walikuwa wa kwanza kubeba mchanga.

Kwa wewe ambaye utaitwa kesho

Komisioneri atakupigia. Atasema "siku nane", atasema "mwingine anakuja na dola". Kwanza tulia. Halafu:

Uliza kwa nini bei imeshuka, na usiache mpaka upate jina la aliyelipa tofauti.

Nenda na fundi, siyo na rafiki anayependa baraza. Angalia mstari wa maji, nguzo na choo. Waulize majirani wazee maji yalifika wapi mwaka 2021 na 2024.

Shika karatasi kwa mikono, usiisome kwenye picha. Nenda nayo ofisi ya ardhi, uulize jina la nani liko kwenye buku.

Ongea na mwenye nyumba, na bibi yake, na kama mmoja amekufa, ongea na watoto wote, wa ndani na wa nje. Mtoto aliyesahauliwa leo ndiye atakayeleta avoka kesho.

Na wewe uliye Marekani, Nairobi, Australia, unayetusikiliza kwenye simu: usitume dola kwa picha. Tafuta mtu wa kwenda kuangalia. Tuko hapa; tutakwenda nawe bila komisioni.

Kwa Leta tuna maneno mafupi. Meya na wakuu wa komine: muandike wazi ni karatasi gani inayokubalika katika mji huu, bei yake rasmi ni ngapi, na muibandike mlangoni pa ofisi, juu siku hizi kila meza iko na bei yake. Musimamishe ukataji wa parsele kwenye mahali ambapo ziwa limefika miaka hii. Na muweke daftari moja la nyumba za waliokimbia, kila kartie, ili mauzo ya nyumba hizo yasipite gizani. Hakuna dola nyingi zinazohitajika hapo. Inahitajika kalamu na mtu asiyekula rushwa.

Tutakutana Jumamosi, saa nane, juu kwenye baraza ile. Kila mtu alete kiti chake, na aliye na kitabu alete kimoja. Ngazi ina kipande kinachotikisika, cha nne kutoka chini. Mupande kwa uangalifu mpaka fundi amalize.

Baraka si parsele ya mwenye makuta. Ni mji wetu, sisi tuliobaki na wale watakaorudi.